Safari ya Basi hadi Rukari: Msonge, Tofali na Neno "Ikulu"

Mji wa Nyanza uko kusini mwa Rwanda, mwendo wa kilomita zipatazo 90 kutoka Kigali. Katika kilima cha Rukari mjini humo zimesimama nyumba mbili za kifalme. Moja ni ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi. Ya pili ni ya matofali, nayo ilikuwa makazi ya Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa. Leo zote mbili ni sehemu ya makumbusho ya taifa. Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Kigali aweza kuondoka kwa basi asubuhi, akazitazama, na kurudi kabla ya jua kutua. Makala haya yanakusudia kumweleza njia hiyo, na kumkumbusha jambo moja liihusulo kazi yetu: maneno tunayoyatumia tunapozitaja nyumba hizo.

Safari huanzia Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi, kilichoko bondeni chini ya vilima vya mji. Kampuni za usafiri zina madirisha ya kukatia tiketi hapo; msafiri hulipa nauli, huandikiwa saa ya kuondoka, na kupewa kiti chake. Yafaa aulize mapema kama basi lake laingia Nyanza mjini au laendelea moja kwa moja hadi Huye, maana mji wa Nyanza uko kando kidogo ya barabara kuu. Akishushwa njia panda, atamalizia safari kwa pikipiki ya abiria, ambayo wenyeji huiita moto. Anayejua Kinyarwanda kidogo atafurahiwa. Lakini hata asiyekijua, katika kituo kile hakosi mtu wa kumjibu kwa Kiswahili.

Kabla ya kupanda basi yafaa msafiri akumbuke mji anaouacha ni mji wa namna gani. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, aliyekuwa Mkaazi wa serikali ya Kijerumani nchini Rwanda. Alichagua mahali palipo katikati ya nchi, mbali na baraza la mfalme. Mwami Yuhi wa Tano Musinga alikuwa amekwisha kuweka makao yake Nyanza mwaka 1899, na kabla ya hapo wafalme wa Rwanda walikuwa wakihamahama na makao yao kutoka kilima hadi kilima. Hivyo kwa muda mrefu nchi ilikuwa na vituo viwili: Nyanza ya Mwami na Kigali ya wageni na wafanyabiashara. Ni uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 ulioifanya Kigali kuwa mji mkuu wa taifa.

Basi likitoka Nyabugogo huvuka mto Nyabarongo, kisha hupanda milima ya Kamonyi. Mto huo watajwa sana katika masimulizi ya kale ya Rwanda. Wakumbukwa pia kwa huzuni, kwa kuwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 miili ya watu wengi ilitupwa majini humo. Mbele zaidi ni Muhanga, mji ambao zamani uliitwa Gitarama. Hapo ndipo jamhuri ilipotangazwa tarehe 28 Januari 1961, na utawala wa wafalme ukakomeshwa. Kwa hiyo atokaye Kigali huupita mwisho wa ufalme kabla hajayafikia makao yake.

Baada ya Muhanga ni Kabgayi, misheni ya Mapadri Weupe iliyoanzishwa mwaka 1906. Kutoka huko Askofu Léon Classe alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya serikali ya Kibelgiji, na ni yeye aliyeshauri kwamba Musinga, aliyekataa kubatizwa, aondolewe. Mwezi wa Novemba 1931 Musinga aliuzuliwa akapelekwa Kamembe. Mwaka 1940 alihamishiwa Moba katika Kongo, akafia huko mwaka 1944. Mahali pake aliwekwa mwanawe, Rudahigwa. Basi hupita Ruhango, na muda si mrefu msafiri huwa Nyanza.

Nyumba ya kwanza anayoonyeshwa msafiri huko Rukari ni ile ya nyasi. Imejengwa upya kwa kuufuata mfano wa nyumba ya Mwami wa zamani, kwa miti, matete na nyasi zilizosukwa kwa ustadi mkubwa. Ndani mna giza la upole. Macho yakizoea, huona kitanda kikubwa, mikeka na viambaza vilivyofumwa. Nyuma yake ziko nyumba mbili ndogo, moja ya kuhifadhia maziwa na nyingine ya kuhifadhia pombe. Ya maziwa ilitunzwa na msichana asiyeolewa. Karibu na hapo wapo ng'ombe wa aina ya inyambo, wenye pembe ndefu ajabu, na watunzaji wao huwaimbia. Kila kitu kina mahali pake na mtumishi wake. Hapana kilichowekwa ovyo.

Nyumba ya pili ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa Wabelgiji. Ina vyumba vya kupokelea wageni, ofisi na vyumba vya kulala, kwa mtindo wa Ulaya wa siku zile. Humo aliishi mfalme aliyebatizwa mwaka 1943, na ambaye mwaka 1954 alianza kuufuta ubuhake, yaani desturi ya mtu kumtumikia mwenye ng'ombe ili apate kulindwa naye. Kwenye kilima cha Rwesero alijengewa jumba jingine, la kisasa zaidi, lakini hakuhamia. Alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Mjane wake, Rosalie Gicanda, aliuawa Butare tarehe 20 Aprili 1994. Makaburi yao yako Mwima, hapo hapo Nyanza, na mwaka 2017 Kigeli wa Tano, mfalme wa mwisho, alizikwa karibu nao.

Sasa tuje kwenye maneno. Mara nyingi mwanafunzi akiulizwa aliona nini Rukari, hujibu: "Niliona kibanda cha zamani na jumba la mfalme." Jibu hilo si la kupuuzwa. Kibanda katika Kiswahili ni mahali pa kuuzia machungwa, au kijumba cha mlinzi wa shamba. Mtu aliyetawala nchi nzima hakuishi kibandani. Na kwa kuliita tofali "jumba" na nyasi "kibanda", mwanafunzi ametoa hukumu ya historia bila kujua: kwamba ufalme ulipata heshima siku mgeni alipoujengea ukuta. Mambo yalikuwa kinyume. Aliyekaa katika nyasi aliwapokea wageni kwa masharti yake. Aliyekaa katika matofali aliwekwa na wageni.

Kiswahili kina neno lake la haki kwa nyumba ya kwanza, nalo ni msonge: nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi lililochongoka au kujikunja hadi chini. Kina pia neno la cheo chake, nalo ni ikulu. Neno hili halikutoka Uarabuni wala Ulaya. Limetoka bara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao waliyaita hivyo makao ya watemi wao; na watemi hao waliishi katika misonge. Basi tukiita ile nyumba ya Rukari "ikulu ya msonge", hatuipambi. Tunalirudisha neno kwao.

Wala lugha yetu haiwezi kusema kwamba ilikuwa mtazamaji tu katika mabadiliko hayo. Musinga mwenyewe alijifunza Kiswahili na kukitumia na Wajerumani. Na vitu vya nyumba mpya vilipoingia Rwanda, vingi viliingia na majina ya Kiswahili: Kinyarwanda husema itafari kwa tofali, idirishya kwa dirisha, ameza kwa meza, isahani kwa sahani. Lugha iliyopeleka dirisha na tofali ina wajibu wa kuutaja msonge kwa adabu.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili kimekubaliwa kisheria kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, na walimu wetu watazidi kuwaongoza wanafunzi katika safari kama hii. Inafaa kila mwanafunzi apewe kazi moja kabla ya kupanda basi la kurudi: aandike sentensi kumi juu ya nyumba hizo mbili, pasipo kutumia neno "kibanda". Atakapotafuta neno jingine atalazimika kutazama tena, na hapo ndipo somo la historia litakapoanza.