Theluji ya Nyangoto: Krismasi ikiisha nyumba inavaa nini?

Jamani, kuna kitu hunichekesha kila Januari. Ingia sebule nyingi za kwetu wiki ya pili ya mwaka: jua linachoma bati, watu wanajipepea na gazeti, lakini ukutani kuna theluji. Theluji ya pamba ya dukani juu ya tawi la msonobari lililokwisha kauka. Theluji kwenye kadi. Theluji ya karatasi za kumetameta. Mkoani Mara kichekesho kinazidi, maana Bunda na Serengeti wanalima pamba. Yaani zao la jua kali ndilo tunalolitumia kuigiza baridi ya watu wengine!

Leo nataka niongelee historia ya mapambo haya, hasa kile kipande ambacho hatukiongelei: siku ya kuyashusha. Na nitawapeleka hadi Nyangoto, kule Nyamongo, wilayani Tarime, pembeni ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kule swali la nyumba ivae nini baada ya sikukuu ni zito kuliko linavyosikika.

Tuanze na wenye theluji yao. Ulaya Krismasi inaangukia mwanzoni mwa majira ya baridi. Sikukuu inapita, baridi inabaki miezi miwili na zaidi. Kwa hiyo hawakuwa na haraka ya kuivua nyumba. Mshairi wa Kiingereza Robert Herrick, ambaye kitabu chake kilitoka 1648, alieleza utaratibu wa enzi zake: majani mabichi ya Krismasi yanakaa hadi mkesha wa tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, kisha yanatolewa na majani ya mti mwingine yanachukua nafasi yake mpaka Pasaka. Mantiki yake iko wazi. Nje kila kitu kimekauka, basi ndani wekeni kijani. Hata leo wenzetu wa huko wanaondoa nyota na picha za Baba Krismasi, wanaacha mishumaa, mablanketi ya sufu na matunda makavu ya msonobari hadi baridi iishe. Pambo linafuata hali ya hewa.

Mti wenyewe ni wa Wajerumani. Kuna maandishi ya 1605 yanayotaja miti iliyopambwa majumbani katika mji wa Strasbourg. Waingereza waliukumbatia kwa wingi baada ya gazeti la London kuchapa, mwaka 1848, mchoro wa Malkia Victoria na familia yake wakiwa wameuzunguka. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893. Hao angalau wakichungulia dirishani waliiona theluji, ingawa ya mbali.

Mara habari ilikuwa tofauti. Mwaka 1934 walifika Shirati Wamenoniti kutoka Marekani, dhehebu ambalo desturi yake ni maisha ya kawaida, bila makuu katika mavazi wala nyumba. Mwaka 1946 wakaja Musoma Wakatoliki wa shirika la Maryknoll. Kwa hiyo Krismasi iliingia mkoa huu kwa milango miwili: mmoja unaosema usijipambe, mwingine wenye pango, sanamu na mishumaa. Ukiona nyumba mbili za majirani Tarime, moja kavu kabisa na nyingine imejaa maputo, usikimbilie kusema moja ina hela kuliko nyingine. Yaweza kuwa ni katekisimu tu.

Sasa Wakurya wenyewe. Desemba kwao ilikuwa na pambo lake hata bila Krismasi, ila lilikuwa pambo la mwili, si la ukuta. Katika miaka ya tohara vijana waliotoka jandoni hupitishwa barabarani wakiwa wamefunikwa kanga na vitenge, ndugu wakiwatunza fedha. (Na tusifiche: katika msimu huohuo wasichana wamekuwa wakikeketwa, ingawa sheria ya 1998 inakataza kwa walio chini ya miaka 18. Ndiyo maana kituo cha Masanga hukohuko Tarime huwapokea mabinti wanaokimbia nyumbani Desemba, wakati wenzao mijini wanapuliza maputo.)

Nyumba nayo ilikuwa na zamu yake. Ukuta wa miti na udongo hauwezi kuachwa. Mvua za vuli zinaulamba. Januari na Februari, mvua ikipungua kabla ya masika, ndipo tope linapata nafasi ya kukauka. Kazi hiyo ya kukandika upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe ilikuwa ya akina mama. Kwangu mimi hayo ndiyo mapambo yetu halisi ya baada ya sikukuu. Wao wanaongeza joto ndani kwa sababu baridi imefika, sisi tunafufua ukuta kwa sababu jua limefika. Baridi yetu, kipupwe, inasubiri Juni, na hakuna anayeipambia.

Halafu ukaja mgodi. Uzalishaji ulianza 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines, mwaka 2003 ukachukuliwa na Placer Dome, na 2006 ukawa wa Barrick. Pamoja na mgodi likaja neno ambalo msomaji wa Dar huenda halijui: tegesha. Linatokana na kutega. Mtu anajenga haraka haraka, au anapanda miti na mazao, kwenye eneo analohisi mgodi utalihitaji, ili alipwe fidia. Nyumba ya tegesha ina kuta na bati, lakini haina sababu ya kupambwa. Nani atafunga utepe kwenye mtego?

Wanaoumia ni wale waliokuwepo tangu zamani. Wathamini wakishapita, unaambiwa usiendeleze chochote, kwa kuwa kitakachoongezwa hakitalipwa. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, ila migogoro ya fidia Nyamongo imeendelea miaka nenda rudi. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama mwenye nyumba ya udongo iliyokwisha kuthaminiwa. Vuli imeula ukuta, Januari imefika, udongo upo, samadi ipo. Akandike? Akikandika anatia jasho lake kwenye ukuta utakaovunjwa. Asipokandika, na malipo yakachelewa, masika yanamkuta ndani ya nyumba inayomeguka, watoto wakiwemo.

Mimi ningekandika, lakini mimi silali pale.

Kinachobaki ni kalenda. Hilo ndilo pambo la Januari kwa Mtanzania yeyote, awe Mmenoniti au Mkatoliki, wa tofali au wa udongo: ya parokia, ya benki, ya chama, ya duka la pembejeo. Ya mwaka jana haitupwi kama picha yake ni nzuri, inasogezwa pembeni. Kalenda haitaki mthamini wala kibali. Inataka msumari mmoja, na siku ya kuhama unaikunja unaondoka nayo.