Kibatari cha Maji

Mwambie mtu wa pwani kwamba una chungu kinachojimwagilia maji, halafu mtazame usoni. Kujimwagia maji, kwa wengi wetu, ni kuoga harakaharaka kabla ya kutoka: kata mbili za kichwani, taulo, basi. Chungu kinachojimwagilia kinaleta picha ya chungu kilichosimama nyuma ya uzio wa makuti na kata mkononi. Ndilo jina lililonijia mimi mwenyewe, hata hivyo, siku nilipotaka kuwaandikia majirani wa ghorofa yetu maelekezo ya kutengeneza kifaa hiki. Nililiandika, nikalisoma kwa sauti, nikalifuta.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Unatafuta ndoo mbili za mafuta ya kupikia, zile za lita 10, unaitumbukiza moja ndani ya nyingine. Chini, kati ya matako ya ndoo mbili, unaweka vipande vya tofali ili pabaki nafasi ya kukaa maji lita mbili tatu. Matako ya ndoo ya juu unayatoboa kwa msumari uliopashwa moto, unapitisha kitambaa: ncha moja inalala ndani ya maji, nyingine inatandazwa katikati ya udongo. Pembeni unachomeka kipande cha bomba la kutilia maji. Ndoo ya chini unaitoboa ubavuni, chini kidogo ya mahali matako ya ile ya juu yanapofika, maji yakizidi yatokee hapo na mizizi ipate hewa. Tundu hilo watu hulisahau, na mmea wao hufa kwa kuzama huku wakidhani umekufa kwa kiu.

Sasa jina. Kumwagilia kumetokana na kumwaga, na kumwaga kunataka kitu kishuke. Lugha yetu imelinyoosha neno hili mbali sana. Tanzania ina Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, na kazi zake ni mabwawa, mifereji na skimu za mpunga, ambako hakuna anayemwaga kitu kwa mkono. Tunasema hata umwagiliaji wa matone, ingawa tone halimwagwi, linadondoka. Kenya wamechukua njia nyingine, wanasema unyunyiziaji, na neno hilo nalo linaona maji yakitoka juu, safari hii kwa manyunyu. Wachaga, ambao mifereji yao ya Kilimanjaro ina umri mkubwa kuliko ofisi yoyote ya umwagiliaji, wanaiita mifongo, na mfongo hauna habari ya kumwaga wala kunyunyiza. Ni njia ya maji tu. Katika ndoo zangu mbili, maji hayashuki hata kidogo. Yanapanda. Jina linaloanza na kumwaga limekosea mwelekeo mzima.

Nikaenda kwa wanafizikia. Wao kitendo hiki wanakiita kwa jina lililotokana na neno la Kilatini capillus, yaani unywele, kwa sababu hutokea ndani ya mirija myembamba kama unywele. Kiswahili kimelipokea kama kapilari, na wanafunzi wengi wanalijua kwa mishipa midogo ya damu kabla hawajakutana nalo kwenye maji. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na utaratibu wa kuyapa maneno kama haya irabu ya mwisho na kuyaruhusu yaingie umezoeleka. Sina ugomvi na kapilari. Kinachotokea ni kwamba maji hushikana na ukuta wa mrija kuliko yanavyoshikana yenyewe kwa yenyewe, basi huupanda ukuta huku yakivutana nyuma, mpaka uzito wake uyasimamishe. Kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo yanavyofika mbali: ndani ya mrija wa kioo wenye kipenyo cha milimita 1 hupanda kama sentimeta 3, ukiwa wa sehemu ya kumi ya milimita, kama sentimeta 30. Hesabu hiyo inajulikana kwa jina la Mwingereza James Jurin, aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 18. Kitambaa cha pamba ni maelfu ya mirija ya aina hiyo iliyosokotwa pamoja, ovyoovyo, ndiyo maana hakifikii hesabu za kioo. Mimi sizidishi sentimeta 15 kutoka usawa wa maji hadi mizizi.

Lakini kapilari inaeleza kwa nini maji yanapanda. Haimwambii mtu mwenye ndoo afanye nini. Rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili alinishauri kusharabu. Ni neno zuri, limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kunywa, ndugu yake sharubati, na vitabu vya sayansi vimelitumia kwa kitu kinachonyonya majimaji. Godoro linasharabu, mkate unasharabu mchuzi. Tatizo lake ni kwamba godoro likishasharabu limemaliza kazi. Linajaa, linatulia. Ndoo yangu haijai, inapitisha.

Jibu nililipata bila kuuliza. Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kwa matibabu, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za wote waliobaki nyumbani, akatoka roshani kupunga upepo. Akaiona ndoo ya mchicha. Akainama, akainua ile ya juu kidogo, akaona kitambaa kinaning'inia ndani ya maji.

"Mwanangu," akasema, "hiki si kibatari?"

Nikamwambia hiki ni cha maji, shangazi.

"Ndiyo. Kibatari cha maji. Na utambi wako mfupi."

Wengine watasema koroboi. Wala si neno moja nchi nzima. Ila kila aliyesomea mwanga wa kikopo kile anajua mambo mawili ambayo fizikia ya darasani inachukua kurasa kuyafikia. La kwanza: mafuta hupanda yenyewe, yakielekea pale yanapomalizika. La pili, nalo ndilo lililonifungua macho, kibatari kilichozimwa hakimwagi mafuta mezani. Moto ukiwa haupo juu, hakuna kinachoyala, basi yanafika kwenye ncha ya utambi na kukaa. Chungu kinafanya hivyohivyo. Jua likiwaka na majani yakipumua, udongo unakauka, utambi unaleta. Mvua ikinyesha wiki nzima, udongo umeshiba, utambi unasubiri. Hakuna koki wala saa wala mtu, na hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa na lile ji la kinachojimwagilia.

Utambi, basi. Neno tunalo, wingi wake tambi, na aliyewahi kubadilisha tambi za jiko la mafuta ya taa hahitaji kufundishwa kwamba utambi ukibana sana tunduni haupitishi, na ukilegea unaangukia chini. Chungu cha utambi ndilo jina nililoandika hatimaye kwenye karatasi ya majirani, na kitenzi nikaweka kunywesha, kile tunachotumia kwa ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe hamwagiliwi. Anafikishwa penye maji, anakunywa kiasi chake, anaondoka. Umwagiliaji ubaki na skimu zake, unyweshaji uwe wa vyungu. Kapilari ibaki darasani na kwenye damu.

Fulana kuukuu ya pamba inanywesha vizuri mwanzoni, lakini inaoza udongoni baada ya miezi. Kamba ya nailoni iliyosukwa haiozi, ila mpya mara nyingi ina mafuta ya kiwandani, ifue kwa sabuni kwanza. Vyovyote iwavyo, loweka utambi kabla ya kuuweka. Ukiwa mkavu maji hayapati pa kuanzia. Udongo wa mfinyanzi mtupu unashikana, mchanga mtupu hauvuti vya kutosha. Mimi nachanganya udongo, samadi iliyokauka na vumbi la makumbi ya nazi, ambalo pwani hutupwa bure na linavuta maji kama sifongo.

Kuna aina nyingine isiyo na utambi kabisa, na hii naipenda kwa sababu ya chombo chake. Ni mtungi. Mtungi usiopakwa rangi hutoka jasho, ndiyo siri ya maji yake kuwa baridi. Ukiuzika hadi shingoni, ukaujaza maji na kuufunika, jasho hilo linaingia udongoni kadiri udongo unavyokauka, kwa vitundu vidogo kuliko vya kitambaa chochote. Fan Shengzhi, mwandishi wa kilimo wa China wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alieleza namna hiyo kwa mimea ya jamii ya matikiti. Wanaozungumza Kihispania wanauita olla, neno ambalo maana yake ni chungu tu. Kwetu ni mtungi wa kuzika. Jina halikuhitaji kamati.

Mambo mawili ya Dar es Salaam ambayo maelekezo ya kutoka ng'ambo hayatakwambia. Maji yetu mengi ya visima yana chumvi, na kwa kuwa chungu cha utambi kinapandisha maji bila kuyashusha, chumvi inabaki juu ya udongo kama unga mweupe. Kila baada ya wiki kadhaa mwagilia kutoka juu, hapo kweli kwa kumwaga, maji mengi, yapite yote na kutoka kwa tundu la ubavuni. La pili ni mbu. Yule anayeeneza homa ya dengue, iliyotusumbua 2014 na tena 2019, anataga kwenye maji safi yaliyotulia ndani ya vyombo, yaani hasa ndoo ya chini. Bomba la kutilia lifunge kwa kipande cha chandarua, na tundu la ubavuni pia.

Karatasi yangu imebandikwa ngazini, Chungu cha Utambi kwa herufi kubwa. Hakuna anayelitumia jina hilo. Juzi mtoto wa jirani, wa darasa la pili, ambaye sidhani kama amewahi kuona utambi ukiwaka, aligonga mlango. "Shikamoo baba. Mama anasema kibatari chenu kimekauka, nitie maji?"