Mchanga wa Afrikana

Kwenye daladala za Barabara ya Bagamoyo, konda huuliza kama kuna wa kushuka Afrikana. Wanaoshuka siku hizi wanarudi nyumbani kwao Mbezi Beach. Hoteli ya Africana, iliyokipa kituo hicho jina, ilikuwa kule ufukweni, na bahari iliula ufukwe wake hadi hoteli ikaachwa.

Hoteli za pwani ya Kunduchi zilianza zikiwa na wapinzani. Mwaka 1970 vijana wa TANU pale Mlimani walianzisha mjadala gazetini kuhusu utalii, na Issa Shivji akaukusanya katika kitabu kilichotoka 1973. Waliuliza fedha za kigeni zinamnufaisha nani, na nchi ya kijamaa inapata nini kwa kuwatumikia wageni matajiri. Maswali mazuri, na bado hayajajibiwa vya kutosha. Ila ufukwe wenyewe ulichukuliwa na wengi kama kitu kilichopo tu.

Darasani kwetu, kwenye shahada ya uzamili, tunafundishwa kuyahesabu mazingira kama mtoa huduma. Tathmini ya Milenia ya Mifumo Ikolojia ya mwaka 2005 inauweka utalii kwenye huduma za kiutamaduni, mbali kidogo na zile za udhibiti, kama matumbawe yanavyovunja nguvu ya mawimbi. Lugha hii inanuka semina za wafadhili, lakini kwa Afrikana inasaidia. Mchanga wa ufukweni ulikuwa ukishushwa na mito midogo kama Mbezi na Tegeta, kisha mawimbi yakautandaza. Jiji lilipopanuka, malori yakaingia mabondeni kuuchukua kabla haujafika baharini. Huko majini, baruti za wavuvi haramu zilikuwa zikivunja matumbawe. Watafiti wa pwani hiyo wameutaja uchimbaji mchanga miongoni mwa sababu za mmomonyoko. Wenye hoteli wakajenga kuta za mawe kuingia baharini. Ukuta wa namna hiyo hunasa mchanga upande mmoja na kumnyima jirani wa upande wa pili.

Ni rahisi kuwalaumu vijana wenye makoleo. Hufukuzwa mara kwa mara na kurudi, kwa sababu wateja wapo. Nyumba yetu ya Mbagala ni ya tofali za saruji, kama za majirani wote, na mchanga wake ulitoka kwenye bonde fulani.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na mgeni anayevuka kwa boti kwenda kuogelea hulipa kiingilio. Sawa kabisa. Lakini anayetaka kutathmini utalii wa Kinondoni kwa kuhesabu vitanda na viingilio ataanzia mbali mno. Mimi ningeanzia juu ya Mto Tegeta, nihesabu malori.