Kutoka Kambi ya Wamumu hadi Starehe: Asili ya Elimu ya Urekebishaji wa Vijana Nchini Kenya

Kituo cha Wavulana cha Starehe, ambacho kwa miongo kadhaa kimehesabiwa miongoni mwa shule bora za sekondari nchini Kenya, kina asili yenye utata, kwa kuwa mbinu za malezi zilizokipatia sifa zilijaribiwa kwanza katika kambi ya vijana waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni.

Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952, yaani utawala wa amri za dharura uliokusudiwa kuzima vita vya Mau Mau vya kudai ardhi na uhuru, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, hasa katika msako mkubwa uliofanyika Nairobi mwezi Aprili 1954. Miongoni mwao walikuwamo wavulana wengi ambao hawakuwa wamefikishwa mbele ya hakimu yeyote, na ambao walichanganywa na watu wazima katika kambi kama Manyani, karibu na Voi. Mwaka 1955 baadhi ya wavulana hao walihamishiwa Wamumu, katika tambarare za Mwea, chini ya usimamizi wa maofisa vijana akiwamo Geoffrey Griffin, Mwingereza aliyezaliwa Kenya mwaka 1933.

Lengo la serikali lilikuwa la kisiasa, kwani ilitaka kuwatenga vijana na harakati za kudai ardhi na uhuru na kuwafanya raia watiifu. Hata hivyo, njia zilizotumika Wamumu zilitofautiana na za kambi nyingine: wavulana walifundishwa kusoma na kuandika pamoja na ufundi wa mikono kama useremala na uashi, walicheza michezo, na walipewa sare na vyeo vya uongozi miongoni mwao wenyewe. Jambo lililokuwa na uzito zaidi ni kwamba walipoachiliwa walitafutiwa kazi, maana katika koloni ambako Mwafrika hakuweza kuishi mjini bila vibali, kijana aliyetoka kizuizini mikono mitupu angekamatwa tena upesi.

Vita vilipomalizika, Nairobi ilibaki na watoto wengi waliopoteza wazazi au makao, wakilala vibarazani na kuokota riziki mitaani. Mwezi Novemba 1959 Griffin, akisaidiana na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha kituo katika mtaa wa Starehe kwa vibanda viwili vya mabati. Tofauti na Wamumu, hapa hapakuwa na mfungwa: mtoto aliingia kwa sababu ya uhitaji wake. Kituo kilikua kutoka madarasa ya msingi hadi sekondari na ufundi, kikawapokea pia wanafunzi wenye uwezo wa kulipa karo, lakini wote wakavaa sare moja na kugawana kazi za usafi. Nidhamu iliendelea kuwa kali, ila iliambatana na baraza, yaani mkutano ambamo mwanafunzi aliruhusiwa kumweleza mkurugenzi wa kituo malalamiko yake waziwazi, na huduma ya hiari ambayo wanafunzi waliitoa kwa umma wakati wa likizo.

Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ilimteua Griffin kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, chombo kilichowakusanya vijana wasio na ajira, wakajenga barabara na mabwawa huku wakijifunza stadi za kazi. Hivyo mfumo uliobuniwa Wamumu ili kuulinda ukoloni ulitumiwa na taifa jipya kwa madhumuni tofauti, ijapokuwa gwaride na amri zake zilibaki.

Historia hii haimpi mwanahistoria ruhusa ya kuitakasa Wamumu, kwa kuwa elimu iliyotolewa kwa mtoto aliyezuiliwa bila hukumu haifuti dhuluma ya kuzuiliwa kwake. Inathibitisha, hata hivyo, kwamba nidhamu na ufundi peke yake havikutosha kumwokoa kijana aliyetupwa na jamii. Palipofanikiwa, mafanikio yalitokana na masikio ya kumsikiliza akiwa shuleni na nafasi halisi ya kazi au masomo iliyomngoja alipotoka, na mpango wowote wa leo unaokosa mambo hayo mawili utamrudisha kijana mahali pale pale alipookotwa.