Upepo ndani ya ukumbi: Kwa nini vigogo wa badminton huanguka?

Septemba 2014, mjini Incheon, Korea Kusini, timu ya wanaume ya Japan ilitolewa na wenyeji kwenye robo fainali ya Michezo ya Asia kwa 3-2. Baada ya mechi, Wajapani hawakumlalamikia mwamuzi. Walilalamikia kiyoyozi.

Walidai kwamba upepo ndani ya ukumbi ulikuwa ukigeuka kwa namna iliyowabeba wenyeji. Waandaaji walikana kuchezea mitambo. Korea Kusini ikasonga mbele, ikaifunga China kwenye fainali na kubeba dhahabu.

Kwa mtu aliyezoea soka, hili linachekesha. Kiyoyozi kinamfungaje mtu? Lakini kwenye badminton, au mpira wa vinyoya, hewa ya ukumbini ni jambo zito. Ukielewa kwa nini, utaelewa pia baadhi ya matokeo ambayo ukiyaona kwenye simu unabaki unajiuliza.

Kinyoya kinavyopaa

Kinyoya kinachotumika kwenye mashindano makubwa kina manyoya 16 ya bata au bata bukini, yaliyochomekwa kwenye kitako cha koki. Uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Ni chepesi karibu sawa na karatasi moja ya kuchapia.

Hicho ndicho kinachopigwa kwa kasi ya ajabu. Rekodi ya dunia ya Guinness ya smashi ya mwanaume ni kilomita 565 kwa saa, iliyowekwa na Satwiksairaj Rankireddy wa India mwaka 2023. Ila kasi hiyo ni ya pale kinapotoka tu kwenye raketi. Manyoya yanakamata hewa kama mwavuli, na kinyoya kinapunguza mwendo ghafla.

Sasa kitu chepesi, kinachoshikwa na hewa, ukikipitishia upepo kidogo tu wa kiyoyozi, kinakengeuka. Uwanja una urefu wa mita 13.40. Kinyoya kikisogea sentimeta 20 kutoka pale ulipokusudia, pointi ya ushindi imeshakuwa ya mpinzani.

Upande mbaya na upande mzuri

Wengi hudhani kucheza ukisukumwa na upepo ni raha. Si lazima. Upepo ukiwa mgongoni, kila kinyoya unachonyanyua kwenda nyuma kinataka kutoka nje. Unaanza kuogopa na kupunguza nguvu, mpinzani anasogea mbele na kukumaliza.

Ukicheza dhidi ya upepo, unaweza kupiga kwa nguvu zako zote na kinyoya kikabaki ndani. Shida ni kwamba smashi zako zinapungua makali, na ukipiga vibaya kinyoya kinaishia katikati ya uwanja, mpinzani anakusubiri. Upepo wa ubavu nao una mambo yake, maana mistari ya pembeni haiaminiki tena.

Ndiyo maana sheria zinawabadilisha wachezaji upande baada ya kila seti. Seti ya tatu ikichezwa, wanabadilishana tena mmoja akifika pointi 11. Na anayeshinda kurusha sarafu mwanzoni ana haki ya kuchagua ama kuanzisha au kupokea, ama upande. Wajanja wakiujua ukumbi, hawaichukulii sarafu hiyo kimzaha.

Ndiyo maana pia dai la Incheon lilikuwa zito. Kubadilishana upande kunaleta haki pale tu upepo unapobaki vilevile. Ukigeuka katikati ya mechi, hata kama hakuna aliyekusudia, mmoja anaweza kubeba mzigo mara mbili.

Joto na mwinuko pia vinahesabika

Vinyoya huuzwa kwa namba za kasi, kwa mfano 76, 77 au 78. Namba ndogo ni cha polepole. Sehemu ya juu au yenye joto hewa yake ni nyepesi, kinyoya kinapaa mbali, hivyo kinatakiwa cha polepole. Sehemu ya chini na yenye baridi ni kinyume chake.

Hapa kwetu tofauti hiyo ipo wazi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Kampala karibu mita 1,200, na Dar es Salaam iko ufukweni kabisa. Mchezaji anayetoka Dar kwenda kushindana Nairobi na vinyoya vilevile alivyozoea ataona kila kitu kinatoka nje mstari wa nyuma. Hajasahau kucheza. Hewa imebadilika.

Sheria ina kipimo cha hili. Mchezaji anasimama mstari wa nyuma na kupiga kinyoya kwa nguvu zote, kutoka chini kwenda juu, sambamba na mistari ya pembeni. Kinyoya chenye kasi sahihi kinatua sentimeta 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo ni cha kasi mno, kikipungukiwa ni cha polepole mno kwa ukumbi huo.

Lakini si kila anguko ni la upepo

Hapa inabidi tuwe wakweli. Upepo umekuwa kisingizio cha wengi.

Chukua Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021 bila watazamaji kwa sababu ya corona. Kento Momota wa Japan alikuwa namba moja duniani, yuko nyumbani, na mwaka 2019 alikuwa ametwaa mataji 11. Julai 28 akafungwa na Heo Kwang-hee wa Korea Kusini, aliyekuwa namba 38, kwa 21-15, 21-19. Akatoka hatua ya makundi.

Ile haikuwa habari ya kiyoyozi. Januari 2020 Momota alipata ajali ya gari nchini Malaysia, akavunjika mfupa wa jicho na kufanyiwa upasuaji. Baadaye akapata corona. Alifika Tokyo akiwa na mechi chache sana za ushindani miguuni.

Heo naye hakufika mbali. Robo fainali aliangushwa na Kevin Cordón wa Guatemala, mwenye miaka 34 na namba 59 duniani. Cordón akamaliza wa nne, jambo ambalo hakuna aliyelitabiri.

Miaka mitatu baadaye, Paris 2024, hadithi ikajirudia. Shi Yuqi wa China aliingia akiwa namba moja, akafungwa robo fainali na Kunlavut Vitidsarn wa Thailand kwa 21-12, 21-10. Kwa hiyo Olimpiki mbili mfululizo, namba moja wa wanaume hakufika hata nusu fainali. Dhahabu zote mbili zilikwenda kwa mtu mmoja, Viktor Axelsen wa Denmark. Wote walicheza kwenye ukumbi uleule na hewa ileile.

Hewa inapokuwa suala la afya

Kuna hali ya ukumbi ambayo haihusu pointi peke yake. Mashindano ya India Open mjini New Delhi huchezwa Januari, msimu ambao moshi na vumbi la jiji huwa vikali. Januari 2026 Anders Antonsen wa Denmark, mmoja wa wachezaji bora duniani, alijitoa kwa mwaka wa tatu mfululizo akitaja uchafuzi wa hewa. Akatozwa faini ya dola 5,000, kwa sababu wachezaji wa juu wanalazimika kushiriki mashindano ya ngazi hiyo. Wiki hiyohiyo mechi ilisimamishwa ukumbini kwa sababu ya kinyesi cha ndege kilichodondoka uwanjani.

Hapo swali si nani anaujua upepo. Mchezaji anavuta hewa kwa nguvu kwa saa nzima, na akikataa anakatwa pesa. Jiji hilohilo ndilo lililopewa uenyeji wa ubingwa wa dunia wa 2026, japo huo ni wa Agosti, msimu tofauti.

Ukitazama mechi, angalia haya

- Matokeo kama 21-11, 10-21 yanakwambia uangalie pande. Kama kila aliyekuwa upande fulani ndiye anashinda, upepo unahusika.
- Angalia vinyoya vinavyotoka nje mstari wa nyuma. Wote wawili wakikosea upande mmoja, si bahati mbaya.
- Seti ya tatu, subiri pointi ya 11. Anayeongoza akiwa upande mgumu ana nafasi nzuri zaidi kuliko ubao unavyoonyesha.
- Ukiona upande mmoja tu unakosea, na mwingine anapiga mistari bila shida, basi hiyo ni kazi ya mchezaji. Msifu aliyeshinda.

Kwa kifupi, ukumbi unaweza kumpunguzia kigogo uhakika wake, na hapo mdogo anapata mlango. Kuupita mlango huo ni juhudi yake mwenyewe. Cordón hakupelekwa nusu fainali na upepo.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona namba moja katolewa na mtu usiyemjua, usikimbilie kuandika "kaisha huyo". Uliza kwanza walikuwa wanacheza upande gani, na hewa ilikuwaje. Ukishapata jibu na bado haitoshi, basi jua kuna mtu alicheza vizuri zaidi siku ile.