Ndiga na Milima: Ruti 5 za Kupanda Ukitoka Kisumu, Kutoka Rahisi Hadi Ngori

Ukisimama Kondele ukaangalia kaskazini, ule ukuta wa vilima unaouona nyuma ya Mamboleo ndio unaofanya Kisumu iwe mahali pa maana kwa msee wa baiskeli. Wengi wanajua hii jiji kwa samaki, ohangla na jua kali. Wachache wanajua kwamba unaweza kuamka kando ya ziwa, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kabla ya mchana uko kwenye majani chai ya Nandi Hills, mita 2,000 juu, kwa nguvu ya miguu yako tu.

Sababu iko chini ya ardhi. Kisumu imekaa ndani ya tawi la Bonde la Ufa linaloelekea magharibi. Katikati ardhi ilishuka, kingo zikabaki juu: Nandi upande wa kaskazini, Nyakach na Nyabondo upande wa kusini. Hapo katikati ndipo kuna tambarare ya Kano na Ghuba ya Winam. Kwa hivyo hesabu ya ruti ni rahisi. Ukifuata ziwa au Kano, barabara imelala. Ukigeuka kushoto au kulia, utapanda, na hakuna kona ya kukwepa.

Baiskeli si kitu kigeni huku. Wajaluo wanaiita ndiga, na boda boda yenyewe ilizaliwa mpakani Busia miaka ya 1960, watu wakibebwa kwa keria kuvuka kutoka Kenya hadi Uganda, "border" hadi "border". Nduthi zimechukua biashara kubwa, lakini Black Mamba bado inabeba mkate, maziwa, makaa na samaki kila asubuhi. Kwa hivyo ukitoka na baiskeli yako ya gia 20 na kaptura ya kubana, jua hiyo barabara ina wenyewe.

Hizi hapa ruti tano, kuanzia ile ya kupasha miguu moto. Kilomita zote ni za kukadiria.

1. Mjini hadi Dunga (kama kilomita 10, kwenda na kurudi)

Hii haina mlima. Ni ya kujua kama breki zinashika, kiti kiko urefu sawa na gia hazirukiruki. Unatoka mjini, unapita Impala Sanctuary, unashuka hadi ufuo wa Dunga, unaangalia mashua zikirudi, unarudi. Kitu kimoja tu: usiifanye usiku. Viboko hutoka majini kukishaingia giza ili kula nyasi, na hao si wanyama wa kupigia kengele.

Kama hapa tu umehema, kaa na hii ruti wiki mbili kwanza. Milima haiendi popote.

2. Kisian hadi Maseno (karibu kilomita 50, kwenda na kurudi)

Hapa ndipo unaanza kulipa. Kutoka mjini unapita uwanja wa ndege hadi Kisian, barabara imelala. Kisian inagawanyika: kushoto unaenda Bondo, mbele unaenda Maseno na Busia. Shika ya Maseno. Kuanzia hapo unapanda kama mita 400. Si mlima wa kukuua, ni ule wa pole pole unaokudanganya umeisha kisha kona inafunguka na unauona tena.

Tuzo iko juu: Ikweta inapita Maseno na kuna alama kando ya barabara. Piga picha, kunywa chai. Ukiwa bado na nguvu, endelea hadi Luanda, ingia barabara ya Majengo, kisha ushuke na Kiboswa hadi Kisumu. Hiyo inakuwa mzunguko mzuri, lakini kumbuka Vihiga ina vilima vidogo visivyoisha.

Ukitaka kuacha mlima siku hiyo, kata kushoto pale Kisian hadi Kit Mikayi, karibu kilomita 30 kutoka mjini. Ni mawe makubwa yaliyopandana kwenda juu, na jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza.

3. Mamboleo, Riat, Kiboswa hadi Kakamega (kama kilomita 50, kwenda tu)

Mlima unaanza kabla hujapata joto. Ukipita Mamboleo tu, barabara inainama kwenda Riat, na mgongoni mwako ziwa lote linaonekana. Wengi hufanya kipande hiki pekee kama mazoezi: Mamboleo hadi Kiboswa, unashuka, unarudia. Mara tatu na umemaliza kazi ya siku.

Wenye hamu wanaendelea Majengo, Mbale na Chavakali. Huku hakuna tambarare. Unashuka, unapanda, unashuka, unapanda, katikati ya mawe makubwa ya Maragoli. Kabla ya Kakamega unapita Ilesi, lile jiwe linalotiririka maji kama machozi.

Noma ya hii ruti ni magari. Ni barabara kuu, mathree ziko mbio, na malori yanapanda polepole huku mengine yakiyapita. Jumapili asubuhi ndiyo siku yake. Ijumaa jioni kaa nyumbani.

4. Miwani, Chemelil hadi Nandi Hills (zaidi ya kilomita 60, kwenda tu)

Hii ndiyo mlima wenyewe. Unatoka Mamboleo, unafuata Kibos na Miwani katikati ya mashamba ya miwa, reli ikiwa karibu nawe. Ni reli ile iliyofika Kisumu mwaka wa 1901, mji ukiitwa Port Florence. Zaidi ya kilomita 40 zote zimelala, na hapo ndipo wageni wanajichoma. Wanakimbia sana wakidhani wako fiti, wanafika Chemelil miguu imekwisha. Mlima ndio unaanza.

Kutoka Chemelil unapanda zaidi ya mita 700 hadi Nandi Hills. Weka gia nyepesi mapema, kaa kwa kiti, pumua. Kama unaweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni sawa. Kama unajibu neno moja moja, punguza.

Juu hewa inabadilika, joto la Kano linabaki chini na majani chai yanaanza. Nandi Hills pia ndiko kuna makumbusho ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 baada ya miaka ya kupinga Waingereza na hiyo reli yao. Ukishapanda ule ukuta kwa miguu yako, utaelewa kwa nini iliwachukua Waingereza muda mrefu hivyo.

Tahadhari ya hapa ni trela za miwa. Trekta moja inavuta trela mbili, imejaa hadi miwa inaning'inia kando, na usiku nyingi hazionekani. Miwa inaanguka barabarani, na matope ya matairi yakilowa yanateleza kama sabuni. Usijibanze kati ya trela na ukingo wa lami. Ngoja.

5. Mzunguko wa Winam (zaidi ya kilomita 200, siku mbili au tatu)

Hii si ya mlima mmoja, ni ya roho. Unatoka Kisumu hadi Ahero penye mpunga, kisha Katito, Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano. Mbele kidogo vilima vya Homa vinasimama kulia kwako. Kutoka Homa Bay hadi Mbita unapita chini ya vilima vya Gembe, barabara ikipanda na kushuka.

Lala Mbita. Ukiwa na nusu siku, vuka uzunguke kisiwa cha Rusinga, uone kaburi la Tom Mboya. Kesho yake panda feri na baiskeli yako hadi Luanda Kotieno, kisha Ndori, Kisian, nyumbani. Uliza ratiba ya feri siku moja mbele, maana ikikuacha, jioni itakukuta ng'ambo.

Mvua haisomi kalenda yako

Hili lisome mara mbili. Asubuhi anga ya Kisumu huwa safi. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani ukibeba unyevu, unagonga ile milima, unapanda na kuwa mawingu. Kufikia saa nane au saa tisa mchana, radi inapiga. Kericho na Nandi Hills zinajulikana duniani kote kwa mvua ya mawe, na huko juu hakuna pa kujificha katikati ya majani chai.

Kwa hivyo toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukishaona mwanga. Jiwekee saa ya kugeuka, tuseme saa tano, na uiheshimu hata kama kilele kiko mbele yako kilomita mbili. Kuna faida nyingine pia: ule upepo wa ziwa mchana unavuma kuelekea bara, kwa hivyo ukirudi kutoka Ahero saa tisa, utaupokea usoni hadi Nyamasaria.

Machi hadi Mei ndio msimu mzito. Nyando ikivunja kingo, Kano inafurika, na barabara za ndani zinapotea.

Kupanda kunachosha, kushuka ndiko kunaua

Watu wanaogopa mlima wakienda juu, lakini ajali mbaya huwa za kurudi. Agosti 2022 Kenya ilimpoteza Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, baada ya kuanguka akiwa kwa kasi kwenye mashindano ya Vermont Overland huko Marekani. Huyo alikuwa bingwa. Wewe na mimi hatuna ujuzi hata nusu ya huo.

Ukishuka Riat au Nandi Hills, usishikilie breki moja kwa moja hadi chini. Zinapata moto na kulegea. Bana, achia, bana tena, zote mbili. Punguza mwendo kabla ya kona, sio ndani ya kona. Na ujue ng'ombe, mbuzi na watoto wa shule hawatarajii kitu kisicho na mlio kije kwa kilomita 50 kwa saa. Piga kelele mapema.

Usitoke bila hivi

- Helmeti, na taa nyekundu nyuma hata mchana.
- Tyubu mbili, pampu, na vifaa vya pancha. Fundi wa baiskeli yuko karibu kila soko, lakini mara nyingi ana tyubu za Black Mamba, si zako.
- Maji lita mbili. Usinywe ya ziwa wala kuingia kuoga ufuoni, kichocho ni ya kweli.
- Pesa taslimu na simu iliyojaa chaji. Ndizi, chapo na uji viko njiani, huhitaji vyakula vya pakiti.
- Mtu anayejua umeenda wapi na unarudi saa ngapi.

Mwisho, salimia watu. Ukimpata mzee anasukuma Black Mamba yenye gunia la makaa akipanda kwenda Kiboswa, jua anafanya mlima ule ule unaokufanya ujisifu, bila gia, na atarudi kesho. Mpe nafasi, mpe salamu, na ukiweza shuka umsaidie kusukuma hadi pale juu. Mlima hautakasirika ukichelewa dakika tano.