Wauguzi wa Kampala na Wanafunzi Wao: Historia Fupi

Kamati ilipotuomba sisi walimu tuandike neno la historia katika toleo hili la kumbukumbu, tulichagua habari za wauguzi. Sababu tutaieleza mbele. Historia yenyewe inaanzia Kampala, na walioianza walifika kwa miguu, kama wengi wetu.

Mwezi wa Februari 1897 msafara wa wamisionari wa Kianglikana uliwasili Mengo ukitokea Mombasa. Humo walikuwamo daktari Albert Cook na nasi Katharine Timpson, ambao walioana mwaka 1900. Mwaka ule ule wa 1897 hospitali ya Mengo ikafunguliwa. Jengo lililofuata lilipigwa radi likateketea mwaka 1902, wakajenga tena. Mwaka 1903 masista Wafransisko, akiwamo yule aliyejulikana baadaye kama Mother Kevin, walifika Nsambya wakaanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe.

Bibi Cook aliona kwamba nasi wachache wa Kizungu hawawezi kufika kila kijiji. Ndipo ikaanzishwa shule ya kufundisha ukunga wasichana wa Kiafrika, iliyofunguliwa mwaka 1921 na kuitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Yeye na mumewe waliandika pia kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Nsambya nako kukawa na shule ya wakunga.

Waliohitimu walipelekwa kwenye vituo vya uzazi vya mashambani. Fikirini: mkunga kijana yuko peke yake usiku na mama mwenye uchungu, hospitali iko mbali, taa ni ya mafuta. Baada ya miaka michache huyo anajua mambo mengi yasiyomo kitabuni. Lakini kwa hesabu ya wakati ule mwalimu alikuwa sista wa Kizungu. Mkunga wa kijijini alikuwa mtenda kazi tu. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa kosa, na lilidumu.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunalijua jambo hili. Tulipokwenda mazoezi ya kufundisha, mwalimu aliyesifiwa kuliko wote shuleni alituambia, "Tazameni tu." Mwingine, wa kawaida kabisa, alikaa nyuma ya darasa akiandika, na kipindi kilipokwisha akauliza, "Ulipomwita yule mtoto wa pembeni, ulitaka nini?" Kwa huyu ndipo tulipojifunza. Uuguzi ni vivyo hivyo. Hodari wa sindano hana budi kufundishwa namna ya kumwachia mwanafunzi sindano, kusimama karibu bila kumpokonya, na kumsahihisha bila kumwaibisha mbele ya mgonjwa.

Kampala ilisogea polepole. Makerere ilianza shahada ya uuguzi mwaka 1993, na mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kikaanzisha masomo kwa wauguzi walio kazini. Hata hivyo mwanafunzi anapofika kituoni, anayempokea ni nasi wa zamu, mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Sasa sababu yetu. Mwaka jana wasichana wawili wa kambi hii, wanafunzi wa uuguzi, walirudi kutoka mazoezi katika kituo ambacho jina lake tunaliacha. Kazi yao ilikuwa kufagia, kuchemsha vyombo na kuandika kadi. Hakuna aliyewachukia. Nasi alikuwa mmoja, naye hakuwahi kuonyeshwa jinsi ya kumlea mwanafunzi. Wakati huo huo, mitaani mwetu wamo akina mama waliouguza watu miaka mingi huko nyumbani. Vyeti vyao vilipotea njiani, leo wanauza mandazi.

Hatusemi wapewe wodi kesho. Nchi hii ina sheria na Baraza la Wauguzi na Wakunga. Tunayaomba mashirika yanayoendesha semina yawaite hao pamoja na manasi wa vituo, wajifunze kulea wanafunzi. Maana wale wasichana wawili walimwendea mkunga mmoja mzee wa mtaa wetu, wakamwuliza namna ya kujua mtoto amelalaje tumboni. Alimwita binti yake mjamzito, akamlaza mkekani, akawaambia waweke mikono yao kwanza, kabla yeye hajaweka yake.